Vestine Wawili

Jumatatu, 6 Januari 2014
Leo serikali ya jimbo imefunga shule kwa sababu ya baridi. Si theluji, ni baridi tupu, ile ya kugandisha nywele za puani ukitoka tu mlangoni. Nimeamua kuandika shajara kwa sababu mbili. Kwanza, hospitali yetu inaacha mafaili ya karatasi na kuhamia kwenye kompyuta, na mimi ni mmoja wa manesi waliochaguliwa kuwafundisha wenzao. Pili, nimeanza masomo ya jioni chuoni, Saint Paul: jinsi nesi anavyokusanya habari za mgonjwa na kuzitumia. Mwalimu alituchorea ngazi. Mia moja na mbili ni data, akasema. Mia moja na mbili za Fahrenheit zikiwa ni homa ya mtoto aliyezaliwa jana, hiyo ni taarifa. Kujua kwamba mtoto huyo hawezi kungoja hadi kesho ni maarifa. Juu kabisa akaandika hekima, akasema huko tutafika mwezi wa nne.

Harrison, mume wangu, anashughulika na kompyuta za kampuni moja huko Eden Prairie. Alicheka aliposikia. "Karibu kwa kazi yetu," akasema. "Sasa utajua kwa nini mimi huwa sina usingizi."

Jumanne, 14 Januari
Kazi ya ziada baada ya zamu: kunakili mambo muhimu kutoka mafaili ya zamani. Mimi nimepewa herufi U. Kumbe wakimbizi wa Kongo wamejaa huku! Uwimana, Uwineza, Uwimana tena. Na karibu nusu yao wamezaliwa tarehe mosi Januari, kwa sababu asiyejua siku yake kambini huandikiwa hiyo. Ukitaka kuwaimbia siku ya kuzaliwa unawaimbia wote kwa mpigo.

Nimejipongeza leo. Nilikuta mafaili mawili ya Vestine Uwimana, 1 Januari 1986. La zamani linasema penisilini humvimbisha uso na kumziba pumzi. Jipya linasema hana aleji yoyote. Anwani ni mbili, lakini watu hawa huhama kila mkataba wa nyumba unapoisha. Mtu mmoja kafunguliwa mafaili mawili, jambo la kawaida. Nilikuwa nimeshaingiza ile penisilini kwenye kompyuta, basi nikaifuta, nikafuata faili jipya. Rekodi moja, safi. Meneja wetu alipita akaniambia nina mkono mwepesi.

Jumamosi, 1 Februari
Siku ya kuwasha mfumo. Nimevishwa kizibao cha rangi ya chungwa ili manesi wajue nani wa kumwita. Wamenivuta huku na huku kutwa nzima. Mgonjwa ana bangili yenye mistari, dawa ina mistari yake, unavielekezea vyote viwili kifaa cha kusomea mistari. Vikipatana, kifaa kinalia na kompyuta inakuwa ya kijani. Chepkemoi wa wodi ya uzazi anajifanya yeye ndiye aliyeizaa hiyo kompyuta. Sikumwita mimi, alijileta.

Jumapili, 9 Februari
Kanisani, Crystal.

Baada ya ibada, Pascasie, kiongozi wa akina mama, alitangaza tumwandalie sherehe Vestine, mke wa Onesphore, anayetarajia kujifungua mwezi wa nne. Mama mmoja akauliza, "Vestine gani?"

"Ule wa hapa Crystal," Pascasie akasema, "hapana ule wa Roseville. Bote ni Vestine Uwimana, na bote balizaliwa Januari mosi, mwaka moja! Ni miye nilibasaidia kujaza makaratasi. Bureau ya wakimbizi ilifikiri ninatania."

Watu wakacheka. Mimi nilishika kiti cha mbele yangu. Vestine wa Crystal alikuwa amekaa pale pale, mwembamba, mikono juu ya tumbo, akitabasamu kwa aibu. Nikajua nimewafanya watu wawili kuwa mmoja, na kwamba mmoja wao akichomwa penisilini atakufa huku kompyuta ikiwa ya kijani.

Jumatatu, 10 Februari
Siwezi kuangalia. Kufungua rekodi ya mgonjwa asiye wako ni kufukuzwa kazi. Mwaka jana nesi mmoja wa ghorofa ya pili alichungulia rekodi ya shemeji yake, akatolewa kabla ya chakula cha mchana na walinzi wawili. Nilimweleza Harrison. Akaacha kula.

"Rahab, hiyo system inaweka kila click. Nani ameingia, ameandika nini, amefuta nini. Usiguse. Tena usiseme ovyo, tuko katikati ya kuomba uraia na leseni yako iko hatarini."

Niliogopa zaidi kwa sababu Harrison si mtu wa kuogopa.

Jumapili, 16 Februari
Nilimvuta Vestine kando karibu na jiko la kanisa. Nikamuuliza polepole kama kuna dawa yoyote iliyowahi kumdhuru.

"Hapana, mama."

"Hata penisilini? Hata sindano huko kambini?"

"Hapana. Papier ya kliniki inasema hapana."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Basi ni yule wa Roseville.

Jumamosi, 22 Februari
Theluji ya juzi bado haijaondolewa vizuri barabarani, lakini nilikwenda Roseville, Pascasie alikonielekeza. Vestine wa Roseville anauza viatu kwenye jengo kubwa la maduka. Ni mnene, ana kicheko, alidhani nataka buti. Nilipomuuliza alishangaa.

"Penisilini? Bakanipa mwaka jana, jino langu lilioza. Hakuna kitu. Nikakula chakula siku ile ile."

Nilinunua buti kwa kuona haya. Garini nikafahamu maana ya jibu lake. Uso uliovimba si hadithi, uliandikwa na mtu aliyeuona. Hawa ni wawili, wote wamekana, na huyu ameimeza dawa yenyewe akapona. Anayekana bila kusema kweli ni yule mwenye mimba.

Jumatano, 26 Februari
Silali vizuri. Nilimchoma mgonjwa wangu sindano mara mbili leo ndipo nikaupata mshipa, kitu ambacho hakijanitokea tangu nilipokuwa mwanafunzi.

Jumapili, 2 Machi
Sherehe ya Vestine, nyumbani kwao. Vyumba viwili, sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, watoto wakijibu kila kitu kwa Kiingereza. Onesphore ni mtu wa maneno mengi. Alikuwa akiwasimulia wageni walivyohangaika kambini mtoto wao wa kwanza alipokuwa tumboni.

"Bakamupiga sindano moja tu! Uso ukakuwa hivi," akaonyesha kwa mikono yote miwili. "Alikufa karibu. Docteur akasema—"

"Onesphore, nyamaza." Sijawahi kumsikia Vestine akisema kwa sauti ile.

Nilimfuata jikoni. Alikuwa akiosha sahani ambazo zilikuwa zimeshaoshwa. Nikamwambia, dada, umenificha. Hakukana tena. Alifunga bomba, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa:

"Niko na dada wa tumbo moja. Siku ya interview ya kuja huku, ku kampi, bakamuuliza siku gani baliua baba yetu. Akasema siku ingine, hapana ile iliandikwa ku dosiye yetu. Alisahau tu! Bakasema unatudanganya. Sisi tukapanda ndege. Yeye iko kule mpaka leo, na batoto bake. Mama Rahab, miye nasema sawa vile inaandikwa. Ku kliniki nesi aliangalia ku mashine, akasema, hakuna aleji, ndiyo? Nikasema ndiyo. Kama nabadilisha, banasema nimedanganya. Batanirudisha."

Nilimwambia hapa si kambini, hakuna atakayemrudisha mtu kwa sababu ya dawa. Akanitazama kama mtu anayesikiliza tangazo la biashara. Kisha akanishika mikono kwa mikono yake yenye maji, akaniapisha nisimseme.

Mimi ndiye niliyeiandika hiyo "hapana". Sikumwambia hilo. Nilikula, nikacheka na wenzangu, nikaendesha gari hadi nyumbani.

Jumatatu, 3 Machi
Nimepeleka ombi kwa ofisi ya rekodi. Niliandika: "Huenda kuna wagonjwa wawili chini ya jina moja, tafadhali angalieni." Sikuandika penisilini. Sikuandika kuwa ni mimi, na jina la anayepeleka nikaweka la wodi. Nimejibiwa na mashine kwamba ombi limepokelewa.

Jumatano, 5 Machi
Ombi bado liko kwenye foleni.

Jumatatu, 10 Machi
Bado foleni. Meneja anasema mfumo mpya umeleta maombi mia kadhaa, la wodi yetu limewekwa kundi la "si haraka". Bila shaka. Ni mimi niliyelifanya lisiwe la haraka.

Alhamisi, 20 Machi
Darasani nilinyoosha mkono nikauliza swali la "tuseme". Tuseme nesi ameunganisha watu wawili, na aleji ikapotea. Mwalimu, ambaye huwa na mzaha mwingi, hakutania. Alisema: apige simu siku hiyo hiyo, aseme jina lake, aseme alichofanya. Akaongeza kwamba kompyuta haina njia ya kujua kosa ambalo aliyelifanya analificha, na mgonjwa aliyezoea kukubali kila kitu hawezi kutusaidia kulikamata.

Nilikaa garini na simu mkononi hadi kioo kikafunikwa na ukungu wa pumzi zangu. Kisha nikawasha gari. Mimi ni mwoga. Nimeliandika nilione.

Jumapili, 30 Machi
Vestine hakuja kanisani. Miguu imevimba, Pascasie anasema. Nilipotoka nilitapika nyuma ya gari, Harrison akadhani nina mimba. Nilitamani iwe hivyo.

"Nitasema kesho," nikamwambia.

"Subiri tu wiki mbili, tuone ofisi ya rekodi inafanya nini," akasema. Nilimkasirikia, halafu nikagundua nimefarijika, nikajikasirikia mwenyewe.

Jumatatu, 31 Machi
Sikusema.

Ijumaa, 4 Aprili
Niandike kwa utaratibu, nikiruka kitu sitakirudia.

Theluji ilianza jana ikaendelea hadi asubuhi, nzito, yenye maji. Nilikuwa nimemaliza kugawa dawa za asubuhi Onesphore aliponipigia. "Mama Rahab, maji imetoka! Tuko hapa ku hospitali yako, étage ya tatu, ku wodi ya uzazi. Bametupokea muzuri sana."

Nilimwachia mwenzangu wagonjwa wangu. Nilikivaa kile kizibao cha chungwa kwa sababu ukiwa nacho hakuna anayekuuliza unakwenda wapi. Sikungoja lifti. Kwenye ngazi nilikuwa nikijiambia: si lazima wampe penisilini, wengi hawapewi.

Mlangoni mwa wodi ya uzazi nilisikia kifaa kikilia. Ule mlio mfupi wa kupatana.

Chepkemoi alikuwa amesimama kando ya kitanda, mfuko wa dripu umening'inia, kompyuta ya kijani, mpira wa dripu mkononi mwake tayari kuunganishwa. Vestine amefumba macho, anahema. Onesphore pembeni, amevaa koti bado.

"Ni dawa gani?" nikauliza.

"Penisilini. Alipimwa akakutwa na ule mdudu wa kumdhuru mtoto njiani. Kwani?"

"Usiunganishe."

"Rahab, nina order ya daktari, nina scan ya kijani, nimemuuliza kwa mkalimani wa simu. Hana aleji. Unataka nini?"

"Anayo. Itamuua."

Nilingoja anifukuze. Chepkemoi alikifunga kikufuli cha mpira, akautundika mpira juu kando ya mfuko, akabonyeza kengele ya kumwita daktari. Nimekuwa nikimsema huyu mwanamke tangu Februari.

Daktari aliingia, mzee, mpole, mwenye haraka. Akamuuliza Vestine upya kupitia mkalimani. Nikapiga magoti kando ya kitanda niwe sawa na uso wake.

"Vestine, waambie ya ile sindano."

Alifungua macho. Sijawahi kuogopwa na mtu hivyo. Hakuniogopa mimi, aliogopa kile kizibao, daktari, kompyuta, vyote pamoja. Akasema, "Hapana. Hakuna kitu. Inaandikwa hapana."

Onesphore akafungua mdomo. Vestine akamwita jina lake mara moja, naye akaufunga. Machozi yalikuwa yakimtiririka mwanamume yule hadi shingoni, na bado hakusema.

Daktari akanigeukia. Mgonjwa anakana, akasema kwa upole, rekodi inakana. Mtoto yuko njiani na dawa inahitaji saa kadhaa kufanya kazi. Nesi, una ushahidi gani wewe?

Nilikuwa na kitu kimoja tu. Nilijua kipo tangu Harrison aliponiambia, na ndicho nilichokuwa nikikikimbia wiki zote hizi.

"Chepkemoi, fungua pale kwenye aleji. Usisome tu kilichopo. Fungua mabadiliko yaliyofanywa."

Akabonyeza. Ikatokea mistari miwili, nasi sote tukaisoma. Tarehe kumi na nne Januari: penisilini, uvimbe wa uso, kushindwa kupumua, imeingizwa na Rahab. Jioni hiyo hiyo: imefutwa na Rahab.

"Ni mimi," nikasema. "Mafaili yalikuwa mawili, ya wanawake wawili. Nilidhani ni mtu mmoja. Nimejua tangu Februari."

Nilitaja Februari bila kuulizwa. Ningeweza kuiacha. Nadhani nilichoka.

Daktari alimwambia Chepkemoi ashushe ule mfuko, akaagiza dawa nyingine. Chepkemoi aliushusha kwa mikono miwili. Vestine akaanza kulia kwa sauti, si kwa uchungu wa uzazi. Alikuwa akiniambia, "Umebaambia nimedanganya. Umebaambia." Nilijaribu kumshika mkono akauvuta.

Jumamosi, 5 Aprili
Mtoto wa kike, mzima. Chepkemoi ndiye aliyenitumia ujumbe. Chini yake ameandika: "Ningeiunganisha, Rahab. Ilikuwa green." Bila shaka naye hakulala.

Jumatatu, 7 Aprili
Nimeitwa. Meneja, mtu wa rekodi, na mwanamke ambaye hakutaja kazi yake. Nimesimamishwa hadi uchunguzi uishe, na baraza la wauguzi litaarifiwa. Wamenichukua kitambulisho. Kufuta aleji kwa bahati mbaya, wamesema, hutokea. Kukaa kimya kuanzia Februari hadi Aprili ni jambo jingine. Nilisema ndiyo. Rekodi zimetenganishwa mchana huo huo. Ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Harrison alinichukua. Tulipofika nyumbani akasema, "Nilikwambia usubiri. Hiyo makosa ni yangu pia." Nilimpenda kwa hilo, ingawa halinisaidii.

Jumapili, 13 Aprili
Sikwenda kanisani. Pascasie amempigia Harrison: Vestine hataki kuniona.

Jumatano, 16 Aprili
Theluji tena. Nimepata barua pepe: Ijumaa watamhoji mgonjwa kwa msaada wa mkalimani. Swali lao kuu ni kama aliwahi kuniambia habari za ile sindano, na lini. Kama alinificha hadi siku ya kujifungua, kosa langu kubwa linabaki la Januari, la mkono mwepesi. Kama aliniambia mapema, leseni yangu imekwenda. Mimi nimeshawaambia kweli, lakini Harrison anasema wanapolinganisha maneno, la mgonjwa ndilo zito.

Mchana nilikuwa nimeegesha gari Roseville, namngojea binti yetu atoke shuleni, simu ikalia. Ni Vestine. Nilisikia mtoto akinyonya karibu na simu, na yeye akihema.

"Mama Rahab. Batu ba hospitali batakuja kuniuliza."

"Najua."

"Chepkemoi alinieleza yote. Ulijitia mwenyewe ku shida juu yangu. Sasa niambie. Papier yako inasema nini? Nitasema sawa vile vile. Nikisema hukujua, batakuacha? Nitasema hukujua. Miye najua kusema."

Alikuwa anajua kweli. Amefanya kazi hiyo miaka yote, mbele ya watu wakali kuliko hawa, na hajawahi kuteleza. Ningesema neno moja, Ijumaa angelirudia bila kupepesa macho, na mimi ningerudi wodini. Niliogopa vibaya sana, kwa sababu neno lenyewe lilikuwa mdomoni tayari.

"Usiseme la karatasi yangu," nikamwambia. "Sema lililokupata."

"Yote?"

"Yote. Ya sindano, ya dada yako, ya jikoni kwako. Hata kama linaniumiza."

Wiper za kioo cha gari zilikuwa zinasukuma theluji. Nilidhani amekata simu, na ninakiri kwamba nilitumaini amekata.

Kisha Vestine akasema, polepole, kama mtu anayejaribu barafu kwa mguu: "Sindano ilikuwa asubuhi. Ilikuwa nesi kijana, jina sikumbuki. Nilimwambia mwili unawaka, hakuamini." Akaendelea, na mimi nikazima gari ili nisikie vizuri.